Aliyeitika Kiooni

Hebu fumba macho kidogo, uone chumba cha kushonea. Cherehani iko dirishani, kioo kirefu cha kupimia nguo kiko ukutani, na fundi, mama mzee, anakanyaga pedeli. Mashine inalia vizuri. Sasa tazama sindano. Haina uzi.

Ndivyo ilivyoanza. Kitambaa kilitoka na matundu bila mshono. Binti yake, ambaye alikuwa akishona naye tangu usichana, alicheka.

"Mama, leo unawashonea majini?"

"Nyamaza," mama alinong'ona, akaonyesha kioo. "Yule bibi anasikia. Hataki kutoka kwangu."

Binti hakucheka tena.

Mganga alikuja mchana, akafukiza chumba mpaka majora yote ya vitambaa yakanuka moshi.

"Ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Linautumia mdomo wa mama yako. Akikuita, usiitike. Ukiitika tu, linahamia kwako."

Basi hakuitika. "Mwanangu!" sauti ilimjia kutoka chumbani. "Mwanangu, nitungie uzi!" Yeye akaendelea kukata kitambaa, macho chini. Siku zikapita hivyo. Mwishoni hakuumia tena, kama mkono uliokufa ganzi.

Muuguzi mmoja alikuja kuchukua sare zake. Alikaa na mama, akamsikiliza, kisha akamvuta binti kando.

"Dada, mlete apimwe. Huenda ni dimenshia. Ubongo wenyewe unaugua. Hata sura yake kiooni haijui."

"Kwa hiyo si jini?"

"Wazee wetu waliuita ugonjwa huu jini. Wengine wakasema kichaa cha uzee, wengine amerudi utotoni. Hata sisi hospitali tulikuwa na majina makali, tumeyaacha. Jina baya humfungia mgonjwa mlango." Akashusha sauti. "Akikuita, ni yeye anayekuita."

Muuguzi alipoondoka, binti aliweka mkasi chini, akaketi jikoni kusubiri kuitwa. Jua likahama dirishani, cherehani ikanyamaza, harufu ya ule moshi ikarudi ingawa hakuna aliyewasha kitu, na ndipo akasikia, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, "Mwanangu, nitungie uzi," naye akainuka, akafungua mdomo, lakini kabla neno halijamtoka, sauti ya mwanamke, sauti yake yeye mwenyewe, ikajibu kutoka upande wa kioo:

"Abee, mama."

Aliingia. Mama alikuwa peke yake, anatabasamu mbele ya kioo. Sindano ilikuwa na uzi.

Mama aligeuka, akamtazama kwa adabu, kama anavyowatazama wateja wapya.

"Karibu, dada. Nikushonee nini?"

Binti alisimama pale mlangoni. Hakulia. Alinyoosha mikono, akamwacha mama ampime mabega.

Sasa fumbua macho. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: mzee wako akikuita, itika.