Simu ya Upepo ya Mkolani

Ng'washi alikuwa anamenya viazi vitamu uani kwake, Mkolani, Mwanza. Mume wake alikuwa juu ya jiwe tena.

"Baba Gladness, shuka!" alisema. "Majirani wanatucheka."

"Natafuta mtandao," alijibu Mayala. Alikuwa amesimama kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, ameinua simu juu ya kichwa.

"Mnara wa kisiwani umezimika. Hata ukipanda juu ya mawingu hutampata mtoto."

Mayala ni fundi seremala. Ng'washi anauza dagaa sokoni. Binti yao Gladness ni muuguzi katika zahanati ya kisiwani, upande wa Ukerewe. Kila mvua kubwa ikinyesha, mnara wa simu wa kule hukosa umeme na simu zote hukatika. Safari hii upepo mkali ulikuwa umevuma ziwani, na Gladness alitakiwa kusafiri siku hiyohiyo kuja nyumbani.

Jioni habari ikafika mtaani. Mtu alisikia kwa mtu kwamba boti imezama. Nani alikuwemo? Hakuna aliyejua vizuri. "Wanasema kulikuwa na muuguzi," alisema mmoja.

Hayo yalitosha. Odeta, dada yake Mayala, alifika kutoka Kisesa akilia tangu barabarani. Turubai likafungwa. Masufuria makubwa yakaazimwa. Katekista akaja kusali. Ng'washi alilia mpaka sauti ikakauka.

Siku ya tatu Gladness aliingia uani akiwa na begi mgongoni. Alitazama turubai. Alitazama watu.

"Nani amefariki?" aliuliza.

Odeta alipiga yowe akakimbilia ndani. Hakuna boti iliyozama. Nahodha aliona mawimbi akaahirisha safari, basi. Gladness alisubiri ziwa litulie, na hakuwa na njia ya kusema.

Ng'washi alimkumbatia binti yake. Kisha hasira zikampanda.

"Nimekulilia siku tatu, mwanangu! Siku tatu! Kwa nini hukusema uko mzima?"

"Mama, ningesemaje?"

Ng'washi alimvua begi mgongoni, akamwingiza ndani.

Wiki iliyofuata Mayala alirudi kutoka mjini na redio mbili ndogo za mkononi, kama zile za walinzi.

"Shida imekwisha," alisema.

Haikuwa imekwisha. Ng'washi alipeleka moja Butimba, mtaa wa jirani, kujaribu. Alibonyeza, akaita, akangoja. Alisikia mkwaruzo tu. Mayala akasema nguvu haitoshi. Akaleta betri ya lori. Akafunga waya kwenye bomba refu la chuma, akalisimamisha juu ya jiwe. Akaanza kupiga kelele: "Haloo! Haloo Butimba! Haloo!" Mbuzi wa jirani walikata kamba.

Ndipo jirani mwenyewe akaja. Jina lake ni Shamsia. Kwa miaka mingi ametengeneza redio za meli bandarini.

"Shikamoo kaka Mayala," alisema. "Nimechoka. Mbuzi wangu pia wamechoka. Nani amekupa kibali cha kutangaza?"

"Marahaba. Kibali gani?"

Shamsia alishika kiuno. "Huwezi kurusha redio hewani hivihivi. Unaweza kuwaingilia watu wa meli au wa ndege. Lazima ujifunze, ufanye mtihani, upate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mimi ninayo. Zima hicho kitu, nikueleze."

Mayala alizima. Ng'washi akaleta vigoda.

"Hizi redio za mkononi," alisema Shamsia, "mawimbi yake huenda moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Yakikuta jiwe au mlima, yanakwama. Hapa Mwanza tumezungukwa na mawe. Ukiongeza betri, jiwe halitahama."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Ng'washi. "Mimi sitaki msiba mwingine wa mtu mzima."

"Kuna simu ya upepo ya aina nyingine. Mawimbi yake huenda juu angani. Huko juu sana kuna tabaka linaloyarudisha chini, kama mpira unavyodunda kwenye dari. Yanaruka mawe, yanaruka milima. Yanaangukia Ukerewe, Geita, hata Bukoba."

"Basi hiyo inataka nguvu kubwa mno," alisema Mayala.

"Kaka, sahau nguvu! Redio yangu inatumia umeme mdogo kama taa ya chumbani. Betri ndogo na sola ndogo vinatosha. Umeme ukikatika, yenyewe inaendelea. Kinachofanya kazi ni waya uliokatwa kwa kipimo, na masafa yanayofaa kwa saa ile. Na huo waya wako ushushe."

"Niushushe?"

"Usawa wa paa. Kwa watu wa karibu kama hawa wa kisiwani, waya ukilala chini kiasi, mawimbi yanapanda wima na kurudi karibu. Huna haja ya bomba."

Mayala alilitazama bomba lake kwa huzuni. Ng'washi alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kujifunza hakukuwa rahisi. Mayala alikuwa na tabia ya kushikilia kitufe na kuhutubia.

"Achia!" Shamsia alimwambia kila mara. "Ukibonyeza, husikii. Na unakula betri. Sikiliza kwanza. Sema kwa kifupi. Sema 'ova', yaani umemaliza, kisha achia."

Mtihani wa kwanza Mayala alishindwa. Wa pili alifaulu. Gladness naye alisoma, akapata leseni yake. Walifunga redio moja kama ya Shamsia zahanati na nyingine kwa Mayala. Wakakubaliana saa za kuitana: asubuhi, mchana na jioni. Kila wiki walifanya jaribio, hata simu zilipokuwa nzima.

Masika yakaja. Upepo uliezua mapaa kisiwani na mnara ukanyamaza. Asubuhi Mayala aliita. Hakujibiwa.

"Niongeze betri?" aliuliza.

"Usiguse!" alisema Shamsia, aliyekuja kusikiliza naye. "Labda anahudumia wagonjwa. Ngoja saa ya mchana."

Getini wanawake wa mtaani walikuwa wameanza kukusanyika. Mmoja alibeba mkeka.

"Rudini na mkeka wenu," Ng'washi aliwaambia. "Hapa hakuna msiba. Tunasubiri habari, siyo uvumi."

Kisha akafunga geti, akarudi kusimama karibu na redio.

Mchana Mayala aliita mara moja, akaachia kitufe. Redio ilikwaruza. Kisha sauti ikatoka, nyembamba lakini safi.

"Baba, nimekupata. Mimi ni mzima. Nina ujumbe wa dharura. Ova."

Ng'washi alikaa chini palepale. Mayala alichukua penseli yake ya useremala, akaandika kwenye kipande cha ubao.

"Mgonjwa mmoja," alisema Gladness. "Mvuvi. Mguu umebanwa na boti. Umevunjika na damu inatoka nyingi. Tunahitaji boti ya wagonjwa leo. Itue upande wa kusini wa kisiwa. Nisomee. Ova."

Mayala alisoma: "Mvuvi mmoja, mguu umevunjika, damu nyingi. Boti itue kaskazini. Ova."

"Hapana, baba! Kusini! Kaskazini mawimbi ni makubwa, boti itapasuka. Kusini! Ova."

Mayala alifuta haraka, akaandika upya, akasoma tena. Safari hii ilikuwa sahihi.

"Umeona kwa nini tunarudia?" alisema Shamsia. Tayari alikuwa na simu sikioni. Mwanza mtandao ulikuwepo, hivyo alipiga hospitali ya wilaya yenye boti hiyo, ambako nako simu zilipatikana, akatoa ujumbe neno kwa neno.

Alasiri mwenyekiti wa mtaa alikuja kuuliza kama ni kweli wamepata habari kutoka kisiwani. Akataka na ofisi ya kata iwekewe redio kama hiyo, na vijana wawili wafundishwe. Shamsia alikubali, kwa sharti moja: asiwepo hata mmoja wa kupiga kelele.

Jioni Gladness aliita kwa saa yake. Boti ilikuwa imetua kusini salama. Mvuvi alifika hospitali, damu imezuiwa, na madaktari walisema mguu utapona.

Ng'washi alinyoosha mkono. "Nipe hicho kitu."

"Mama Gladness, huna leseni," alisema mume wake.

"Lete!"

Shamsia alicheka. "Mpe, wewe upo hapo kumsimamia. Lakini mama, maneno mafupi. Betri ya kule ni ndogo na kesho wataihitaji."

Ng'washi alishika maiki. Alikuwa na mengi ya kusema: juu ya paa, mvua, usingizi, na kazi ya mbali aliyoichagua binti huyu. Alivuta pumzi, akabonyeza.

"Umekula?"

Akasahau 'ova'. Mayala akamnong'oneza. "Ova!" alisema kwa hasira, akaachia kitufe.

Redio ilikwaruza kidogo.

"Nimekula, mama. Ova."

"Haya," alisema Ng'washi. Akamrudishia mume wake maiki, akaenda kuinjika ugali.