Jina la Askari Aliyepotea

Nilitoka na ndoo moja tu, jua linazama, mtoto mgongoni analia. Ni mwaka huuhuu, 1995. Mume wangu Rogasian alikuwa Ngara, anachimba visima kwenye kambi za wakimbizi, na mimi nilibaki Nyamahanga peke yangu na Shibuda wetu wa miezi saba. Siku ya tatu hiyo hanyonyi. Zahanati walimpima: hana homa, tumbo laini. Analia tu.

Pale chemchemi alikaa mzee mwenye koti refu, karatasi mkononi. Harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi ilinifikia kabla yake.

"Marahaba, mama Shibuda."

Nilikuwa bado sijamwamkia. Na jina la mwanangu kalijuaje?

"Natafuta makaburi," akasema. "Askari wa vita vya Mjerumani. Kumi na wanne hawajulikani walipolala."

"Mzee, mimi mgeni hapa. Tumetoka Shinyanga."

"Najua. Kwenu mnajua kuwaita."

Nikaelewa. Kwetu Usukumani mtoto akilia hivyo, bibi humtajia wafu wa ukoo, mmoja mmoja. Likifika jina linalotaka kurithiwa, mtoto hunyamaza, ananyonya. Lakini hao ni wafu wetu! Sasa huyu... wafu wake ni wa nani? Kwa nini asiende kwa watoto wa wenyeji?

"Nimsomee?" mzee akauliza.

Ningekimbia. Lakini siku tatu hajanyonya, midomo imekauka, hata sauti ilikuwa inaisha. Nikamfungua mgongoni. Nikamshika mbele ya yule mzee. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

"Farjala," alisoma. Mtoto analia.

"Songoro..." Analia.

"Mabruki..."

"Nshoma."

Kimya.

Hata vyura wa chemchemi walinyamaza. Mwanangu akageuza shingo taratibu, akakazia macho kichuguu kilichokuwa nyuma ya shamba letu la mihogo. Kisha akalitafuta titi, akanyonya kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Mzee akaenda, akachomeka kijiti pale kichuguuni. Aliporudi alikuwa anafuta jina kwenye karatasi kwa ukucha.

"Mwite jina lake tena," nikanong'ona. "Mwite Shibuda."

"Mimi nasoma ya kwangu tu. Kwaheri, mama Nshoma."

Asubuhi nilimsimulia Idefonsi, mume wa jirani yangu Speciosa, naye akachimba penye kijiti. Mifupa. Vifungo vya shaba. Watu wa ofisi ya wilaya walikuja kutoka Biharamulo, wakaandika, wakashangaa: hakuna mzee waliyemtuma. Padri akabariki, mifupa ikafukiwa upya palepale, na msalaba juu.

"Nyie Wasukuma," Speciosa alinicheka, "mnaita wafu kama mnaita ng'ombe! Haya, kaja mmoja, mpe majani."

Alipoona sicheki, akashusha sauti.

"Kwani mtoto si amepona?"

Amepona, ndiyo. Ananenepa. Lakini nikisema Shibuda hageuki. Napiga makofi, naimba, wapi! Nikinong'ona lile lingine anageuka upesi, anatabasamu. Na titi halishiki mpaka nilitaje. Nilijizuia siku nzima nione; mchana kutwa hakuonja kitu, wala hakulia, alinitazama tu. Jioni nikashindwa, nikalitaja.

Rogasian anarudi Jumamosi. Atamwita mwanawe Shibuda, jina la baba yake mzazi, na mtoto hatageuka. Nitamwambia nini mimi? Kwamba nilimpa mgeni asiyejulikana amsomee mtoto?

Kwa hiyo jana, giza likianza kuingia, nilikaa kizingitini, mtoto ananyonya. Nikajikaza. Nikaita kwa nguvu, kama mama anayemwita mwanawe arudi nyumbani.

"Shibuda! Shibuda wee!"

Huyu niliyempakata hakutikisika.

Lakini nyuma ya mihogo, kule kwenye msalaba, kitu kililia. Sauti ndogo. Sauti iliyokauka, ya mtoto ambaye hajanyonya siku nyingi...

Naijua ile sauti. Niliizaa mimi.

Titi la pili, ambalo hakuna aliyelishika, likaanza kutoa maziwa lenyewe, yakalowesha kanga mpaka magotini.

Na huyu wa mapajani akaliachia la kwanza, akainua macho, akanitazama aone kama nitaondoka.