Vendula Atafuta Samaki Wazima

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, Vendula alikwenda kwanza kwenye tangi la samaki lililokuwa kando ya dirisha la darasa la sita. Aliwasha taa, akagusa kioo kwa kiganja kuona kama maji yana joto, kisha akawatazama samaki mmoja mmoja. Wenzake walikuwa bado koridoni wanavua viatu vya theluji na kuvaa ndala, yeye ameshaanza kazi. Tangu alipochaguliwa kuwa mtunzaji wa tangi, hakuwahi kukosa hata asubuhi moja.

Asubuhi hiyo ya Desemba aliwasha taa akabaki ameduwaa. Wale samaki wadogo wenye mstari wa buluu, ambao alikuwa amewanunua juzijuzi tu, walikuwa wanaelea matumbo juu. Chini kwenye mchanga, kambare mmoja mdogo mnene ndiye pekee aliyekuwa akitembeza sharubu zake. Huyo walimwita Knedlík, kwa jina la donge la unga ambalo kila nyumba ya mji wao wa Olomouc hulichemsha Jumapili, na alikuwamo katika tangi lile kabla Vendula hajajua kusoma.

"Wamekufa tena?" Otakar aliuliza nyuma yake. "Hilo siyo tangi, hayo ni makaburi!"

"Nyamaza! Wewe ndiye uliyewatupia biskuti. Nilikuona jana unatafuna hapa!"

"Biskuti za mama yangu nizitupe majini? Una wazimu wewe!"

Mwalimu Koubková alifika akawatenganisha. Aliwatazama wale samaki, akavua miwani, akaguna. "Hii ni mara ya pili, Vendula. Ijumaa tuna sherehe ya Krismasi, na wazazi wanakuja. Nakupa nafasi moja ya mwisho. Wakifa tena, tangi litahamia darasa la nne pamoja na Knedlík. Wamelililia siku nyingi."

Vendula aliitikia kwa kichwa. Alichukia. Maji alikuwa akiyabadilisha, chujio alikuwa akilisafisha, chakula alikuwa akikipima kwa ncha ya kidole. Alitaka kuupiga teke ukuta. Mtu afanye nini zaidi ya hapo?

Mchana alimkuta bibi yake, Jarmila, anamngojea langoni mwa shule na ndoo kubwa ya plastiki. Siku hiyo wauzaji walikuwa wameanza kuuza samaki wa Krismasi kiwanjani, wale wakubwa wa mabwawani wanaoletwa wakiwa hai kwenye mapipa makubwa ya maji. Kila mwaka Bibi alimnunua mmoja mapema, akamweka katika bafu la nyumbani mpaka siku ya kupikwa, na familia nzima ikawa inaoga kwa beseni jikoni. Baba alikuwa akilalamika kila mwaka, na kila mwaka hakuna aliyemsikiliza.

Foleni ilikuwa ndefu na baridi ilikuwa inauma. Zamu yao ilipofika, muuzaji mwenye aproni ya mpira alizamisha wavu akamtoa samaki mnene anayefurukuta.

"Huyo simtaki," alisema Bibi. "Ana kidonda ubavuni."

Akatolewa wa pili. "Huyo naye anaogelea upande upande kama mlevi. Mrudishe."

"Mama yangu, vidole vyangu vimeganda!" muuzaji alilalamika.

"Vipulizie, mwanangu. Mimi huyu nakwenda kumla na wajukuu zangu. Na yule pale anayehema juu juu, usinionyeshe kabisa."

Watu nyuma walianza kuguna. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama mama huyu anatafuta samaki au mchumba. Vendula aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. "Bibi, basi! Samaki ni samaki! Chukua yeyote twende!"

Bibi aligeuka polepole. "Kumbe. Na wale wa darasani uliwanunua hivyo hivyo? Yeyote, twende?"

Vendula aliinamia ndoo. Bibi alichagua samaki mwenye macho maangavu aliyemrushia muuzaji maji usoni kwa mkia, akamlipia, wakaondoka wameishika ndoo huku na huku. Walipokuwa wakingoja tramu, Vendula alianza kulia kwa hasira.

"Niliwaona, Bibi."

"Uliona nini?"

"Kule dukani, kwenye jengo kubwa la maduka. Wawili walikuwa wamekufa ndani ya tangi lao, wamelala nyuma ya ngome ya plastiki. Niliwaona. Lakini taa zilikuwa nzuri, na muuzaji alikuwa na haraka, na mimi nilitaka tangi lijae kabla ya Jumatatu. Nikanyamaza. Halafu nikamsingizia Otakar."

Bibi alimfuta machozi kwa glavu iliyonuka samaki. "Haya. Tukimfikisha huyu bafuni, twende ukanionyeshe hilo duka."

Duka lilikuwa linang'aa kweli, na muziki wa Krismasi ulikuwa juu. Safari hii Vendula hakuangalia taa. Alipiga magoti mbele ya vioo, akaangalia samaki. Wengine walikuwa wamebana mapezi mwilini, wamejikunyata pembeni. Wengine walikuwa wanahema juu ya maji. Mmoja alikuwa na vidoa vyeupe mwili mzima, kana kwamba amenyunyiziwa chumvi, naye alikuwa akijisugua kwenye jiwe. Vendula alishangaa alivyokuwa amepita hapa na macho yake mawili bila kuona lolote.

"Samahani, kaka," alimwambia kijana wa dukani. "Unaweza kuwapa chakula kidogo nione kama wanakula?"

"Hapa siyo mgahawa, dada mdogo. Unachukua wangapi?"

"Yule mwenye vidoa anaumwa nini?"

"Amechoka na safari tu. Haya, wangapi?"

"Hata mmoja," alisema Vendula, akainuka.

Duka la pili lilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya kanisa, nalo lilikuwa dogo, lina joto, halina muziki. Mwenyewe, Bwana Sedlák, alikuwa akichota maji machafu kutoka tangi moja, na kila tangi lilikuwa na wavu wake wa peke yake unaoning'inia. Vendula alipiga magoti tena. Samaki wa hapa walikuwa wametandaza mapezi, wanafukuzana. Alipoomba kuona wakila, Bwana Sedlák alitupa chembe chache majini na samaki wakazivamia zote. Moyo wa Vendula ulifurahi kwa mara ya kwanza siku ile. Kwenye tangi la mwisho aliwaona hasa aliowataka, wenye mstari wa buluu, wazuri mno.

"Hawa! Naomba hawa!"

"Hao hawauzwi," alisema Bwana Sedlák.

"Mbona wazima?"

"Wamefika jana. Sijawajua bado. Ugonjwa ukiwamo, utajionyesha katika siku hizi. Rudi baada ya Mwaka Mpya."

"Lakini sherehe ni Ijumaa!"

"Wenu wa zamani walikufaje?" aliuliza mzee, na Vendula alipomweleza, alitikisa kichwa. "Basi hata tangi lenu linahitaji kupumzika kwanza. Ukiwatia humo sasa, utanirudia unalia."

Vendula alitoka nje bila kuaga. Aliichapa theluji teke, ikaruka ikamrudia usoni. "Anayetaka kuniuzia ana wagonjwa! Mwenye wazima hataki kuniuzia! Si bora nirudi kule kwenye taa, Bibi? Wakiishi mpaka Ijumaa tu, yatosha!"

"Yatosha kwa nani?" aliuliza Bibi. "Uamuzi ni wako. Lakini usiku huu ukiingia bafuni, mtazame yule wetu anavyoogelea, halafu uamue."

Ijumaa wazazi walijaa darasani, meza zikajaa biskuti, na tangi likasimama dirishani na Knedlík peke yake. Watoto wa darasa la nne walikuja kuchungulia mlangoni, macho yao yote kwenye tangi. Vendula alitamani kujificha chini ya meza. Badala yake alisimama mbele ya watu, mikono ikiwa mgongoni.

"Hakuna samaki wapya, na kosa ni langu," alisema. "Niliona wawili wamekufa dukani nikanunua wenzao, kwa sababu nilikuwa na haraka. Sasa nimepata duka zuri, lakini tunatakiwa kusubiri. Na Otakar hakuwatupia biskuti. Nisamehe, Otakar."

Otakar akajikuna shingo. "Kwa kweli nilitupa kipande. Kimoja tu! Knedlík ndiye aliyekila."

Darasa zima likaangua kicheko, hata Mwalimu Koubková, ambaye alisema tangi litabaki lilipo mpaka shule itakapofunguliwa, halafu wataona.

Januari Vendula alirudi kwa Bwana Sedlák, na Otakar akamfuata kubeba mfuko. Alipiga magoti mbele ya lile tangi la mwisho. Alitazama mapezi, macho na mashavu yanavyofunguka na kufungika. Aliuliza wamekula nini na maji yao yana joto gani. Otakar alivuta kofia mpaka machoni.

"Vendula, tutalala hapa? Samaki ni samaki bwana!"

Vendula aligeuka polepole, akamtazama vile vile alivyotazamwa yeye kiwanjani. Bwana Sedlák akacheka chinichini huku akichukua wavu.

Samaki wale waliishi. Theluji ilipoyeyuka bado walikuwa wanafukuzana asubuhi, na Knedlík alikuwa akifagia mchanga chini yao. Siku moja Mwalimu Koubková alikuja akasimama karibu na Vendula.

"Unajua nilichokifurahia?" alisema. "Wengi wangenunua wale wagonjwa ili wasiaibike mbele ya wazazi. Wewe ulikubali aibu, ukasema ukweli, ukasubiri. Muuzaji anaweza kukuficha jambo, lakini macho ni yako. Ukiona kasoro, usijidanganye kwamba hujaiona. Na akikwambia 'bado' hali angeweza kuchukua hela yako, rudi kwake."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Jambo jingine. Darasa la nne wamepata tangi lao wenyewe, ila hawajui wakanunue samaki wapi. Wanaomba mtu wa kwenda nao."

Vendula aliangalia mlangoni. Watoto walikuwa wamesimama pale tayari, wamevaa makoti.

"Sawa," alisema, akachukua koti lake. "Lakini waambie, Mwalimu, tutachelewa kurudi."