Masikio ya Mwishehe

Kwa fundi Jabiri, kule Temeke, siku ilianza kwa nyundo. Jabiri alikuwa mfua bati. Alinunua madebe matupu ya mafuta ya taa, akayapasua na kuyanyoosha, akatengeneza ndoo, mikebe na vibatari. Ko, ko, ko, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Jirani mwenye neno la kusema alingoja kwanza fundi apumue.

Mkewe, Somoe, alikuwa na mtoto wa miezi sita. Jina lake Mwishehe. Alikuwa mnene na mcheshi, tena hana tabu ya kulala. Somoe alimlaza mkekani barazani, hatua nne tu kutoka kwenye nyundo, naye akalala usingizi wa pono.

Mwezi ule mama yake Jabiri, Bi Mwamvita, alikuja kutoka Kisarawe kumwona mjukuu. Alileta kuku wawili, na kila alfajiri alimwogesha mtoto ili Somoe alale kidogo. Siku ya tatu alikaa akimtazama Mwishehe alivyolala. Kisha akachukua debe na mwiko, akalipiga karibu na kichwa chake.

Mwishehe hakufumbua hata jicho.

"Somoe, mwanangu," alisema polepole, "mtoto huyu hasikii."

"Anasikia, mama. Jana nilimjia, akanigeukia akacheka."

"Alikuona. Macho anayo."

Ni kweli, Somoe alimjia kwa mbele. Siku ile nzima alimjaribu. Alipiga makofi nyuma ya mtoto. Aliangusha mfuniko wa sufuria. Nyundo iligonga ko, ko, ko, na Mwishehe aliendelea kuvichezea vidole vyake. Somoe alikwenda jikoni akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Asubuhi yake Bi Mwamvita aliweka jikoni mafuta ya nazi na kitunguu saumu.

"Tutamtia masikioni yakiwa ya moto. Yatazibua. Wanangu wote niliwatia, na huyu mumeo mmoja wao."

Siku nyingine Somoe angejibu kwamba ndiyo maana Jabiri hasikii akiitwa kula. Siku ile mzaha ulimkauka mdomoni. Alimtazama mumewe. Jabiri alitazama nyundo yake.

"Mama anajua zaidi," alisema.

Wakati ule ule alipita Apolonia, jirani yao, nesi wa kliniki ya watoto. Alikuja kuchukua birika lake lililozibwa tundu.

"Hodi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Apolonia akanusa. "Mnakaanga nini saa hizi?"

Somoe akamweleza yote. Apolonia hakucheka wala hakumkemea mtu. Aliuepua mkebe wa mafuta jikoni, akauweka mbali.

"Bibi, najua unampenda. Lakini usimtie mtoto kitu masikioni. Mafuta ya moto huunguza. Anayesikia anaweza kuacha kusikia."

"Sasa mbona hashtuki? Nimempigia debe."

"Bibi, huyu ni mtoto wa mfua bati. Mtoto husikia tangu yumo tumboni. Nyundo hii ameisikia kabla hajazaliwa. Sauti isiyo na jipya, mtoto huizoea, akaiacha ipite. Wewe, Jabiri, jogoo wangu alikuamsha leo?"

"Una jogoo?" aliuliza Jabiri.

"Basi umeelewa. Amewika mlangoni pako mwaka mzima."

Hata Somoe alitabasamu.

"Tumpime vizuri," alisema Apolonia. "Jabiri, weka nyundo chini. Somoe, mpakate. Ameshiba? Vema. Mtoto mwenye njaa au usingizi hapimwi. Mie nitakaa mbele yake nimshike macho. Bibi, kaa nyuma, kando kidogo, kivuli chako asikione. Usimguse. Mwite kwa sauti ndogo, kisha ungoje."

Baraza ikawa kimya. Somoe alisikia moyo wake mwenyewe.

"Mume wangu," Bi Mwamvita alinong'ona, maana ndivyo alivyomwita mjukuu wake. "Mume wangu we."

Mwishehe alimtazama Apolonia. Hakugeuka. Somoe akafumba macho.

"Ngojeni," alisema Apolonia taratibu. "Mtoto hana haraka kama sie. Tena, bibi."

"Mume wangu, mkeo nipo huku."

Mwishehe aliacha kunyonya kidole. Macho yalimtoka. Kisha kichwa kikageuka, polepole, mpaka uso wake ukakutana na uso wa bibi yake. Akacheka, fizi tupu.

Somoe alicheka na kulia pamoja. Walimjaribu upande wa pili, akageuka tena.

"Asingegeuka?" aliuliza Jabiri.

"Tungerudia siku nyingine. Angekataa tena, tungempeleka hospitali mapema. Si aibu. Mtoto asiyesikia naye hufundishwa, tena vizuri akianza mapema. Lakini nyundo hii iondoke karibu naye. Kuzoea kelele si kinga, masikio yake bado machanga. Na katika kelele hizi maneno yenu hayamfikii. Zungumzeni naye. Anawasikiliza kabla hajaweza kuwajibu."

Bi Mwamvita alimshika Somoe mkono. "Nilikutia hofu bure, mwanangu. Niwie radhi."

"Ulimwonea uchungu, mama."

Jumapili majirani wawili walimsaidia Jabiri kuhamishia kazi kwenye banda, mwisho kabisa wa uwanja. Somoe akaanza kuzungumza na mwanawe. Alimwambia anachopika, na bei ya nazi. Mtoto akisema "aa," Somoe alinyamaza amalize, kisha akamjibu. Kufika miezi minane Mwishehe alikuwa na maneno yake, ba-ba-ba, da-da-da, kama mzee anayesuluhisha ugomvi.

Bi Mwamvita alikuwa amesharudi kwake Kisarawe. Siku alipokuja tena, alisimama njiani kusalimiana na muuza mihogo. Ndani, Mwishehe aliacha uji. Aligeukia mlango, akaanza kupiga miguu.

"Una nini wewe?" aliuliza Somoe.

Ndipo aliposikia hodi.