Aliyefundishwa Asiitike

Haya yalimpata baba mkwe wangu, Mzee Himid, hapa hapa Southall, London, mwaka 1997, na mimi nilikuwapo. Anayetaka kubisha na abishe.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, manyunyu kama kawaida. Mke wangu Afra alikuwa akivaa koti kwenda shifti ya mchana kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Mimi nakaanga samaki. Mzee yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha la bustani, anachambua mchele. Mchele wa dukani hapa hauna hata jiwe moja, tulimwambia mara mia, lakini alisema mikono nayo inataka kazi.

Alikuwa na amri moja nyumbani: ukiitwa kutoka nje, usiitike. Toka kwanza umtazame usoni anayekuita. Nilikuwa nikimtania kwamba hata mleta barua anamwogopa. Hakucheka. Wiki ile ndipo aliponieleza sababu.

Alipigana Burma, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, vita vya pili vya dunia. Kabla ya kupelekwa huko walifundishwa vita vya msituni kisiwani Seiloni, Sri Lanka ya leo, kwa miezi. Usiku walilala wawili wawili mashimoni, kamba nyembamba imefungwa kutoka mkono wa mtu wa shimo hili hadi wa shimo la pili. Mvuto mmoja, kaa macho. Miwili, adui. Hakuna kusema, hakuna kukohoa, hata ruba wa msituni wakikunyonya damu miguuni. Na zaidi ya yote, ukiitwa usiitike, kwa sababu Mjapani huyajua majina yenu na huita gizani ili ajue mlipo. Sajini wao alizunguka mashimoni akiwaita kwa sauti tamu, jina kwa jina. Aliyeitika alichimba vyoo wiki nzima.

"Hussam, mdogo wangu, alichimba mara tatu," Mzee aliniambia. "Mama kamlea kwa adabu. Ukimwita tu, naam."

Jioni moja huko Burma doria yao ilishambuliwa, wakarudi mashimoni bila Hussam. Giza lilipoingia, sauti ikaanza. Kaka Himid. Kaka Himid, njoo unchukue. Mzee hakujua kama ni mdogo wake au ni adui anayemwigiza. Alilala kifudifudi, kamba mkononi, kitambaa mdomoni. Sauti haikukatika hadi karibu na alfajiri. Kulipokucha walimkuta Hussam hatua kumi na tano tu kutoka shimoni. Alikuwa amejiburuta usiku kucha.

"Mafunzo nilifaulu," Mzee akasema. Kisha akalia, na mimi na utu uzima wangu nikalia naye.

Sasa sauti ile ilikuwa imemfuata Southall. Alikuwa akiisikia mchana kweupe, kwa wiki mbili mfululizo. Afra aliamini kwamba siku baba yake atakapoitika, ndiyo atakuwa anakwenda zake. Kwa hiyo mchana ule, mlangoni, alinishika mkono.

"Niapie, Amir. Asiitike. Sina mwengine mie."

Nikaapa.

Alipoondoka tu, jirani yetu Mama Pushpa, Mhindi wa Kisumu, alichungulia mlango wa jikoni.

"Amir, nani hiyo kijana naita mzee yako huko nyuma? Toka asubuhi naita. Mimi naangalia, hapana ona mtu."

Mpaka saa ile nilidhani ni uzee tu.

Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikazima jiko. Nyumba ikatulia.

"Kaka Himid."

Nilisikia. Sauti ya kijana wa Kipemba, imekauka kwa kiu. Ilitoka bustanini, kwenye majani mafupi ambako hata paka hana pa kujificha.

"Kaka Himid, njoo unchukue."

Mzee alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yanapita vidoleni. Mchele umemwagika wote. Aliniangalia. Hakutaka nimkinge. Alikuwa anaomba ruhusa.

Nilimfikiria Afra. Nilikifikiria kiapo. Lakini mbele yangu alikuwapo mzee wa miaka sabini na tano ambaye hajawahi kutoka kwenye lile shimo. Nikapiga magoti, nikaishika mikono yake, nikaiondoa mdomoni taratibu.

"Mwitikie, baba," nikanong'ona.

"Naam, mdogo wangu," akasema. "Nakuja."

Nje kukanyamaza. Akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu. Haikurudi.

Jumatatu tulimwosha msikitini, mimi na mwosha maiti, mzee wa Kibengali. Tulipofika miguuni alisita. Vifundo vyote viwili vilikuwa na vidonda vidogo vya duara, vibichi, na vilitoka damu nyepesi isiyokatika. Maiti ya siku mbili haitoki damu. Akainama, akatazama.

"Hizi ni alama za ruba," akaniambia kwa Kiingereza. "Kwetu Sylhet, kwenye mashamba ya chai, wanauma hivi hivi. Alikuwa akitembea wapi?"

"Hajatoka nyumbani mwezi mzima."

Aliweka pamba, ikalowa. Akaweka nyingine. Tulimvisha sanda hivyo hivyo.

Afra alikuwa akinisubiri nje, kwenye mvua.

"Aliitika?"

"Hapana," nikasema.

Akaniegemea kifuani, akanishukuru kwa kutunza kiapo.