Jina Katika Kabati la Kioo

Nyongesa, karani wa mizigo, alimwona msichana huyo kwanza stesheni ya Nakuru, mwaka wa 1954, gari la moshi la Kisumu likipakia watu na kuku pamoja. Gauni la maua ya samawati, kitambaa cheupe kichwani, na kasha lililomshinda mkono.

"Dada, hilo kasha umemfungia mchumba?"

"Ni vitu vya makumbusho, karani. Ukilidondosha tutakuweka wewe kwenye kioo."

Nyongesa akacheka hadi akasahau mhuri wake.

Msichana alijiita Nekoye, Mbukusu kama yeye, aliyelelewa mashamba ya Molo, eti ndiyo sababu Kibukusu hakijui. Alifanya kazi kwa Mama Adler, mjane Myahudi aliyetoroka Ujerumani na kugeuza sebule yake kuwa makumbusho: picha za jamaa waliouawa, vinara vya Sabato, nyota ya kitambaa cha manjano ambayo Wayahudi walilazimishwa kuishona kwenye makoti. Nyongesa akawa mgeni wa kila Jumapili. Ya kwanza alimtazama Nekoye tu. Ya tatu alianza kutazama picha.

Siku za kazi alipiga simu. "Ofisi ya mizigo hapa. Kuna moyo mmoja umefika, hauna mwenyewe."

"Urudishe ulikotoka, mpenzi. Huenda umevunjika njiani."

Lakini kila alipotaja kumpeleka kwa mama yake, kicheko kilikatika. "Bado." Kila mara, bado. Jumapili ya sita akaja bila mzaha, tai imemkaba shingo.

"Nekoye, niambie ukweli. Una mume?"

 Nekoye alimvuta hadi kwenye kabati la kioo. Ndani mlikuwa na cheti cha utambulisho cha zamani, na picha ya msichana mwembamba.

"Dadake Mama Adler. Jina hilo la kwenye cheti si lake. Aliishi nalo miaka mitatu, akisali kanisani kama Mkristo. Jirani mmoja alijua. Angetamka neno moja tu, Wanazi wangemchukua."

"Kwa nini unanionyesha mimi?"

"Kwa sababu mimi ni Wangare, binti Nderitu. Serikali ilitufukuza Olenguruone, ikatupakia kwenye malori. Sasa, kwa ajili ya Mau Mau, wanawakusanya Wakikuyu shamba kwa shamba. Cheti changu aliniandikia Mama Adler, kwa jina la Nekoye." Vidole vyake vilikuwa baridi. "Haya, jirani. Umejua."

"Kwa hiyo wiki zote hizi nilikuwa nampenda nani?"

"Mimi. Jina tu ndilo la kuazima."

Buti zikagonga barazani. Askari wawili waliingia bila hodi. Mama Adler akasimama kando ya vinara vyake.

"Karatasi!" Mmoja akasoma cheti, akamkazia macho msichana. "Mbukusu, ee? Hebu sema Kibukusu."

 Nyongesa aliiona kazi yake ya reli ikipotea, akaiona na jela. Kisha akaushika ule mkono baridi.

"Afande, utamwaibisha mke wangu. Kalelewa Molo, hajui hata salamu, na mama yangu ananigombeza mimi. Kipande changu cha utambulisho hiki hapa."

Askari alikitazama kipande, kisha ile mikono miwili, muda mrefu.

"Mfundishe basi," akasema. Wakatoka.

Wangare alivuta pumzi. "Umeidanganya serikali."

"Nimetangulia tu kidogo. Sasa, mama nimwambie anaitwa nani mkwe wake?"

"Nje, Nekoye. Ndani ya nyumba, jina langu."

"Si tuko ndani?" Akashusha sauti. "Wangare, utakubali nikuoe?"

Machozi yakamshuka. "Uliza tena. Hakuna aliyeniita hivyo miezi minane."

Akauliza tena.