Ndama Mwekundu wa Mahari

— Haolewi! Nimesema haolewi!

Mokeira alisikia sauti ya baba yake akiwa jikoni, akatoka mbio na unga mikononi. Siku nne tu kabla ya harusi yake! Zizini, baba yake, mzee Ogari, alikuwa amesimama mbele ya ndama aliyezaliwa asubuhi ile, bado amelowa. Na rangi yake sasa, Nyasae, Mungu wangu! Mwekundu mwenye mabaka meupe.

Mama wa huyo ndama ndiye ng'ombe wa mahari ambaye kijiji kizima cha Birongo kilikuja kumtazama: gredi, yaani wa kizungu, mweusi kwa mweupe, tena mwenye mimba. Momanyi, mchumba wa Mokeira, alimpandisha mwenyewe. Mwaka huo wa 1972 ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuzunguka na baiskeli akipandisha ng'ombe za watu kwa mbegu ya fahali wa serikali.

Momanyi aliitwa, akafika anahema.

— Kijana, si ulisema fahali ni mweusi?

— Mweusi kwa mweupe, mzee. Kadi yake ni hii.

— Kadi haina macho, mimi ninayo! Huyu ni wa fahali mwekundu wa jirani yenu. Umenidanganya mbele ya wazee. Chukua ng'ombe zako zote, urudi nazo kwenu Keroka!

— Mzee, nisikilize kidogo. Kila ndama hupewa rangi mbili, ya baba na ya mama. Weusi hufunika wekundu, lakini wekundu haufi. Wazazi wote wawili wakiwa wameubeba ndani, ndama anaweza kuupata pande zote mbili, atoke mwekundu.

— Wekundu umejificha! Wapi? Kwenye mkia?

Majirani waliojazana langoni wakacheka. Momanyi akashika kamba ya ng'ombe. Mokeira alimpenda huyo kijana kupita kiasi, na sasa alikuwa anamwona akiondoka. Hakujua alipata wapi ujasiri wa kumkabili baba yake.

— Tata, na mimi nilitoka wapi?

— Wewe vipi tena?

— Wewe mweusi, mama mweusi. Mimi mweupe hivi, hadi shuleni wakaniita Mzungu. Jirani yetu alikuwa nani?

Mama yake, Nyanchera, akaweka kibuyu cha maziwa chini polepole, akashika kiuno.

— Baba Mokeira, mtoto amekuuliza. Hata mimi nangoja kusikia.

Mzee akakohoa. Akamtazama mkewe, akaona hapo hapana mchezo.

— Huyu... huyu amefanana na nyanya yangu Bochaberi. Alikuwa mweupe pe! Na kwenu pia, si shangazi yako ni mweupe?

— Ni mweupe. Na weupe wa Bochaberi wewe uliuweka wapi, mweusi hivyo?

Mzee alitazama chini.

— Humu ndani, akasema kwa sauti ndogo.

— Sema kwa nguvu, majirani wasikie!

— Humu ndani! Ulikuwa humu ndani miaka yote!

Watu wakaangua kicheko, Mokeira akicheka na kulia pamoja. Momanyi, kijana mwenye akili, akajifanya anamtazama ndama. Mzee akamgeukia kwa ukali:

— Na wewe, mbona umeshika hiyo kamba? Unaenda wapi na ng'ombe wangu, na Jumapili tuna harusi?